Kabla ya kulaumu VirtualBox, andika uname -r

Wiki hii nimemwona kijana wa tatu akiifuta VirtualBox (programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta) na kuisakinisha upya, mara nne mfululizo, kwa sababu vboxdrv, moduli yake inayoingia kwenye kerneli (kiini cha Linux), inakataa kupakiwa. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnaniumiza roho. VirtualBox haina kosa hapo. Heda, yaani faili za kujengea moduli, hazilingani na kerneli.

1. Anza na `uname -r`. Hiyo ndiyo kerneli inayofanya kazi sasa hivi, na heda zilingane nayo mpaka ule mkia wa -generic au -amd64. Debian na Ubuntu ni `apt install linux-headers-$(uname -r)`. Fedora ni `kernel-devel-$(uname -r)`. Ile kernel-headers ni ya programu za kawaida, moduli haijengeki nayo.

2. Ukishasasisha kerneli, washa mashine upya kwanza. Mimi sikuiwasha upya. Ilikuwa inanakili data nyingi na sikutaka kuikatiza, huku wenzangu wakisubiri mashine pepe yenye hifadhidata yao. Heda za kerneli ya zamani, iliyokuwa bado inafanya kazi, nilikuwa nimeshazifuta, zilizobaki ni za mpya. Nikatazama namba za kerneli hizo mbili: zimepishana tarakimu moja tu. Nikakielekeza kiungo `build` kilicho chini ya /lib/modules kwenye heda mpya, na moduli ikajengeka bila lalamiko. modprobe, amri ya kupakia moduli, ikaikataa: "Invalid module format". Kerneli ilikuwa inanikinga, mimi nikaona inanichelewesha. Nikaandika `modprobe --force`, ikakubali, nikafurahi.

Furaha ilidumu dakika chache. Mashine nzima iliganda, na nilipoizima kwa nguvu na kuiwasha, diski ya ile mashine pepe ilikuwa imeharibika. Kumbe kati ya toleo na toleo miundo ya data ndani ya kerneli huweza kuhama, na moduli iliyojengwa kwa ramani ya nyumba nyingine huandika mahali pasipo pake kwenye kumbukumbu. Kazi ya wiki mbili ilipotea. Dada mmoja aliyekesha na hifadhidata ile aliniuliza swali moja tu: "Nakala ipo?" Haikuwapo. Mpaka leo nikiona mtu anaandika `--force` mkono wangu huenda wenyewe kwenye kibodi yake.

3. Sakinisha DKMS, inayojenga moduli upya kerneli mpya ikija, pamoja na linux-headers-amd64 (Debian) au linux-headers-generic (Ubuntu), ili heda zije na kila kerneli mpya.

4. Heda zikilingana na moduli bado inakataliwa, kagua Secure Boot, ulinzi unaoweza kuzuia moduli isiyotiwa saini: `mokutil --sb-state`.

5. Someni logi, jamani, na msome kosa la kwanza. Yule kijana alikuwa ananitumia mstari wa mwisho tu, ule unaosema ujenzi umeshindikana. Tulifungua /var/log/vbox-setup.log pamoja, na juu kabisa ilikuwa imeandikwa kwamba heda za kerneli yake hazijapatikana. Tukarudi namba 1, kisha `/sbin/vboxconfig`, inayojenga moduli upya, na vboxdrv ikapakiwa mara ya kwanza.