Fundi wa Aggrey Anajibu: Siri za Wateja Zinatoka kwenye Spika

SWALI: Shikamoo dada fundi. Nina saluni ya kusuka Tabata. Muziki naupiga kutoka kwenye simu yangu ya Android kwenda kwenye spika ya Bluetooth. Simu ikiita, mlio unatoka kwenye spika mpaka watu wanashtuka. Meseji ya pesa ikiingia, saluni nzima inajua. Juzi mteja wangu alinipigia kuniambia ana ujauzito. Nilipokea haraka huku mikono ina jeli, sauti yake ikatoka kwenye spika, na majirani zake wawili walikuwa wamekaa wanasukwa. Hajarudi tena. Nifanyeje muziki ubaki kwenye spika na simu zangu zibaki kwenye simu? (Msusi, Tabata)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Mtafute huyo mteja umwombe radhi kabla hata ya kugusa simu.

Spika yako ni nzima na simu haina virusi. Nasema hivyo kwa sababu hapa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, napokea watu waliokwishaambiwa na fundi mwingine kwamba simu yenye tatizo hili ifutwe yote, na wamefutiwa kweli, picha za watoto na namba za wateja zimekwenda. Inaniuma, maana dawa ya jambo hili ipo ndani ya mipangilio na haigharimu hata shilingi.

Simu na spika vikishaunganishwa, kati yao kuna njia mbili za sauti. Ya kwanza, mafundi wanaiita A2DP, ni ya muziki: inakwenda upande mmoja tu, simu inatoa, spika inapokea. Ya pili, HFP, ni ya mazungumzo, sauti inakwenda na kurudi, kwa sababu spika nyingi siku hizi zina maiki ndani. Spika yako ina maiki, ndiyo maana maneno ya mteja yalipitia huko. Simu iliona kifaa kinachoweza kuongea, ikakikabidhi mazungumzo.

Basi anza kwa kuifunga njia ya mazungumzo. Ingia Mipangilio, nenda kwenye Bluetooth, na pembeni ya jina la spika bonyeza alama ya gia. Utaona vitufe, kimoja cha simu na kingine cha sauti ya muziki na video. Zima cha simu, acha cha muziki. Kuanzia hapo ukipokea simu, sauti itabaki kwenye simu yenyewe, na spika itanyamaza mpaka umalize kuongea. Mipangilio hiyo inahifadhiwa kwa spika hiyo tu. Hedifoni zako za kuongelea njiani hazitaguswa.

Bado mlio, na hapa ndipo wengi wanaponirudia wakisema nimewadanganya. Mlio wa simu hauna njia yake peke yake. Waliotengeneza Android waliamua kwa makusudi kwamba simu ikiita huku kuna kifaa kimeunganishwa, mlio utoke sehemu mbili kwa pamoja: kwenye simu na kwenye kifaa. Waliogopa mtu ameacha hedifoni mezani, simu inaita ndani ya hedifoni, na yeye hasikii kitu. Ni uamuzi wa busara kwa hedifoni, lakini kwa spika ya saluni ni usumbufu. Ukishafunga njia ya mazungumzo, mlio unaweza kuendelea kupita kwenye njia ya muziki.

Kwa hiyo hatua ya pili ni kuweka simu kwenye mtetemo na kuivaa mfukoni mwa aproni. Muziki hauathiriki, kwa sababu sauti ya muziki na sauti ya mlio zina vipimo tofauti ndani ya simu. Fuata mpangilio huohuo, zima kitufe cha simu kwanza, weka mtetemo baadaye. Ukiweka mtetemo huku kitufe cha simu bado kimewashwa, spika nyingi hupewa taarifa kwamba kuna simu inaingia na zinapiga kengele yao zenyewe, hata kama simu yako iko kimya.

Kama simu yako ni Samsung ya karibuni, tafuta kwenye mipangilio ya sauti sehemu ya kutenganisha sauti za programu. Unachagua programu ya muziki peke yake ndiyo itoke kwenye spika, na programu nyingine zinabaki kwenye simu.

Lakini ukiniuliza mimi ningefanya nini kwenye saluni yangu, nisingeunganisha kabisa simu yenye laini ya pesa na spika ya wateja. Tazama nyuma ya spika yako. Karibu zote zinazouzwa hapa Aggrey zina tundu la flashi au la memori kadi. Jaza nyimbo humo, chomeka, piga muziki kutwa nzima. Au tumia simu ya zamani isiyo na laini. Mtu anayekuamini kichwa chake ndiye huyohuyo anayekupigia usiku na mambo yake ya nyumbani. Mlinde.

SWALI: Dada fundi, nasoma chuo na nasafiri kwa daladala. Hedifoni zangu za Bluetooth zina tabia ya ajabu: meseji ikiingia, mara nyingine nasikia mimi tu sikioni, mara nyingine simu inalia mpaka kondakta anageuka. Simu ni ileile, mipangilio ni ileile. Ni mbovu? (Mwanafunzi, Mbagala)

JIBU: Si mbovu. Kumbuka ulikuwa unafanya nini kabla meseji haijaingia. Android ikiona muziki unapiga, mlio wa meseji unafuata ulipo muziki, yaani sikioni kwako tu. Ukisimamisha muziki, inakupa kama sekunde 5 hivi. Zikipita, inahesabu kwamba huenda umeshavua hedifoni, na meseji inayofuata inalia pande zote mbili.

Na kuna jambo zuri waliotengeneza Android walilolifanya ambalo halionekani. Kifaa cha masikioni kikiwa kimeunganishwa, mlio wa meseji unapunguzwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na muziki ukiwa unapiga mlio hauruhusiwi kuzidi sauti ya muziki wako. Wanalinda masikio. Kampuni za simu hubadilisha kidogo mambo haya, hivyo simu ya rafiki yako inaweza isifanane na yako.

Ndani ya daladala washa Usinisumbue, ile hali ya simu inayonyamazisha milio, kisha uruhusu watu wachache: mama, mwenye nyumba, mwalimu wako. Washa pia ruhusa ya anayerudia kupiga. Kwenye Android, mtu akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu inaita. Mwenye dharura hupiga tena, na utampata.

SWALI: Asalaam aleikum. Nalala na hedifoni nikisikiliza mawaidha. Naogopa kengele ya daku italia ndani ya hedifoni zilizoanguka kitandani na mimi nipitiwe. (Msomaji, Unguja)

JIBU: Waaleikum salaam. Kengele ya programu ya saa iliyokuja na simu inalia kwenye spika ya simu na kwenye hedifoni pia. Ndivyo ilivyo kwa Android, na iPhone nayo hufanya vivyo hivyo. Hofu yako ielekeze kwenye programu ya adhana. Baadhi yake hupitisha sauti kwenye njia ya muziki, na hapo adhana itasomwa ndani ya hedifoni peke yake. Ijaribu mchana: unganisha hedifoni, ziweke chumba kingine, subiri adhuhuri. Usipoisikia kwenye simu, ya daku itegeshe kwenye saa ya simu.