Muulize Papa Fundi: Milango ibaki mahali pake

SWALI
Papa Fundi, jambo sana. Marehemu mjomba alifanya kazi Ndola, na aliporudi nyumbani alivuka Kasumbalesa na gari dogo la michezo, MGB la wazi, usukani kulia. Tangu hapo limelala chini ya turubai katika parseli yetu hapa Katuba, Lubumbashi. Sasa familia imeniachia mimi, na nataka kulifumua lote hadi bati tupu, nilijenge upya. Fundi wa kuchomelea wa mtaani alipiga nyundo kidogo chini ya milango, kutu ikamwagika. Anasema tung'oe injini na milango, tupandishe gari juu ya matofali, akate chini pande zote mbili kwa siku moja, aweke bati jipya. Rafiki zangu wawili wako tayari wikendi hii. Halafu funguo zangu zinateleza kwenye bolti, hata zile mpya. Tuanzie wapi?
Kijana wa Katuba

JIBU
Mwanangu, huyo fundi wa kuchomelea mpe maji anywe, arudi kwake hadi utakapomwita. Si mtu mbaya. Amezoea Land Cruiser na malori, magari yenye shasi, yaani fremu ya chuma chini ya bodi: unang'oa mlango, unakata bati, shasi iko palepale inabeba. MGB halina shasi. Tangu lilipoanza kutengenezwa Abingdon, Uingereza, mwaka 1962, hadi la mwisho mwaka 1980, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Na lako ni la wazi, halina paa la kushikanisha mbele na nyuma. Kinachozuia gari lisikunjike katikati ni ule mgongo wa sakafu unaopita juu ya gearbox, pamoja na vizingiti viwili vya chini ya milango. Vizingiti hivyo viwili ndivyo anavyotaka kuvikata vyote kwa siku moja.

Kizingiti ukikitazama kwa nje unaona bati moja. Ndani ni sanduku: kuna bati la nje, kuna lingine limesimama wima katikati, na chini kuna bati lililokunjwa ambalo ndilo linashika ukingo wa sakafu. Tope linaingia kupitia nyuma ya madigadi ya mbele, linakaa humo na unyevu wake miaka na miaka, na kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Kwa hiyo kama bati la nje limeshaanza kumwagika, la ndani usiliulize.

Kabla ya kugusa bolti yoyote, weka gari juu ya magurudumu yake, mahali palipo sawa, matairi yakiwa yamejaa upepo. Funga milango. Pima nafasi kati ya ukingo wa nyuma wa mlango na bodi, juu na chini, kushoto na kulia. Andika. Ukikuta nafasi ya juu ni nyembamba kuliko ya chini, gari limeshaanza kulegea tumbo, na hilo lirekebishwe kabla ya kuchomelea kitu chochote. Ukichomelea bati jipya juu ya bodi iliyolegea, umeigandisha na ulegevu wake.

Milango ibaki kwenye bawaba zake hadi vizingiti viishe. Hiyo ndiyo rula yako. Kwa upande wa ndani, chomelea bomba la mraba kutoka nguzo ya mbele ya mlango hadi nguzo ya nyuma, mahali ambapo mlango bado unaweza kufunguka na kufungwa. Kisha fanya upande mmoja tu: kata, pachika kwa nukta chache za kuchomelea, funga mlango, tazama nafasi, endelea. Upande wa pili usiuguse hadi wa kwanza umemalizika kabisa. Nililiona moja Kampemba, rangi nyekundu inang'aa, viti vya ngozi mpya, na mwenyewe alikuwa anafunga mlango wa dereva kwa goti. Fedha yote ya rangi ile ilikuwa imepotea siku ya kukata, kabla hata kopo halijafunguliwa.

Matofali, hapana. Tofali letu la udongo linapasuka bila kutoa taarifa, na wewe uko chini. Tafuta stendi za chuma, au magogo ya mbao ngumu yaliyokatwa sawasawa. Ya mbele yakae karibu na pale boriti ya kusimamishia magurudumu inapoungana na bodi, ya nyuma pale springi za majani, zile bati ndefu zilizopangana, zinaposhika. Uzito ubebwe mahali gari lilipozoea kuubeba.

Sasa funguo. Hazina kosa, wala hukuuziwa za bandia. Bolti nyingi za gari hilo ni za inchi na seti yako ni ya milimita. Kichwa cha nusu inchi ni milimita 12.7: ufunguo wa 13 unaingia vizuri, unakudanganya, halafu unazunguka na kula kona. Cha 7/16 ni milimita 11.1, kwa hiyo wa 11 haupandi na wa 12 unacheza. Cha 9/16 ni 14.3, hali ileile. Afadhali cha 3/4, milimita 19.05, ambacho ufunguo wako wa 19 unakikamata kwa heshima. Nunua seti ya inchi kabla ya kununua kitu kingine. Mtu wenu anayekwenda Zambia anaweza kukutafutia. Na kila bolti unayoitoa irudishe kwenye tundu lake, au kwenye mfuko wake, kwa sababu ukija kulazimisha ya milimita 8 kwenye nyuzi za 5/16, itaingia mizunguko miwili mitatu halafu itararua zote.

Kama magurudumu ni yale ya spoku yenye nati moja kubwa katikati, usivute kwa nguvu kabla hujafikiri. Za upande wa kushoto zinafunguka kama kawaida, za upande wa kulia zinafunguka kinyume. Nyundo iwe ya shaba au ya mpira. Mji huu wa migodi ya shaba ukikosa nyundo ya shaba, basi tena.

Fungua kapo, kifuniko cha injini, utafute kibati cha namba. Kikianza na GHN3, ni la wazi la kipindi cha kwanza, kabla ya mwisho wa 1967. Hapo ujue mambo mawili. Gia ya kwanza haina sinkronaizi, kile kifaa cha kulainisha uingiaji wa gia, kwa hiyo kelele utakayoisikia baadaye si lazima iwe ugonjwa. Pili, umeme wake umegeuzwa: chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Betri ni mbili za volti 6, zimejificha nyuma ya viti, zimeungwa mfululizo. Zitoe kwanza kabisa, na uchungulie visanduku vyake, kwa maana asidi huwa imevila.

Nyaya ndizo zitakazokuchosha. Mpangilio wa rangi wa Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya gari hili, una akili ndani yake: kahawia inatoka betri moja kwa moja bila fyuzi, nyeupe ni ya swichi ya kuwashia, kijani imepitia swichi na fyuzi, zambarau ina fyuzi na iko hai muda wote, nyekundu ni taa ndogo, bluu ni taa kubwa, nyeusi ni bodi. Tatizo, baada ya miaka yote hiyo ya vumbi na joto zote zimekuwa rangi ya udongo wa Katuba. Usikisie. Vuta kidogo kile kikofia cha mpira kwenye kiungo, waya uliofichwa chini yake bado una rangi yake. Piga picha kwa simu, ndiyo, lakini picha peke yake hazitoshi. Baada ya miezi utaona vidole vyako na giza nyuma yake. Kata vibati vidogo kutoka makopo ya nyanya, kwaruza namba kwa msumari, funga kwa waya mwembamba. Karatasi ya gundi inabanduka ikiguswa na petroli.

Injini na gearbox vinatoka pamoja, kipande kimoja. Kwanza mwaga mafuta na maji, weka alama ya pigo kwenye flenji za shafti ya nyuma ili irudi ilivyokuwa, halafu tafuta winchi ya kukodi. Tawi la mwembe si winchi. Hao rafiki zako wawili waite siku hiyo tu. Siku nyingine zote fanya peke yako au na mtu mmoja anayejua kuandika.

Tangi la petroli litoke kabla ya cheche ya kwanza na likae mbali. Hata kavu, hata la miaka, mvuke wake bado unaweza kulipuka. Na mtu akikuletea bomba la shaba la friji akisema litafaa kwa breki, mshukuru. Shaba tupu inakomaa kwa mtikisiko, inapasuka, na maji ya breki yanakuacha ukiteremka. Agiza la shaba iliyochanganywa na nikeli. Vipuri vya gari hili bado vinatengenezwa Uingereza, vizingiti pamoja, na hata bodi nzima mpya.

SWALI
Papa, nimeipiga msasa Volkswagen yangu ya zamani, Karmann Ghia, hadi chuma cheupe. Fundi wa rangi amesafiri, atarudi Januari. Inaweza kungoja chini ya baraza?
Mama wa commune ya Kenya, hapa Lubumbashi

JIBU
Mama, haiwezi. Mvua za Lubumbashi zinafika Novemba, na chuma cheupe hakihitaji kunyeshewa, unyevu wa usiku unatosha. Tafuta mtu yeyote mwenye bunduki ya rangi akupigie praima ya epoksi wiki hii. Mastiki, ile ya kujazia mabonde, isubiri: ukiipaka ikakaa wazi inanyonya maji kama mkate. Mwaka ujao anza kupiga msasa Mei.

SWALI
Mdogo wangu anasafisha breki za magari ya zamani kwa kupuliza vumbi na kompresa. Kuna ubaya?
Msomaji wa Ruashi

JIBU
Kuna ubaya mkubwa. Bitana za breki na diski za klachi za miaka ile zilikuwa na asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Saratani inayoletwa nalo inaweza kujitokeza baada ya miongo. Alowanishe kwanza kwa maji yenye sabuni, apanguse kwa kitambaa, akifunge kwenye mfuko wa plastiki akitupe kikiwa bado kibichi. Avae barakoa nzuri, si kile kitambaa cha kufunga puani. Na ovaroli yake isifuliwe pamoja na nguo za watoto.