Jibu: Dodoso gani kwa wagonjwa waliolazwa?

Dada, umeuliza utumie SCOFF au EDE-Q (madodoso mawili ya matatizo ya ulaji, kama kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa) wodini, na kama alama zikishuka baada ya wiki mbili mgonjwa anapona.

SCOFF, iliyotoka Uingereza mwaka 1999, ina maswali 5 tu ya ndiyo au hapana. Majibu mawili ya ndiyo yanakupa sababu ya kumchunguza zaidi, basi. Haipimi maendeleo.

Kwa maendeleo chukua EDE-Q, ila uwe makini sana. Inauliza kuhusu siku 28 zilizopita. Kuna swali la kukaa saa 8 au zaidi ukiwa macho bila kula chochote ili kubadili umbo au uzito, na jibu linaanzia 0 (hakuna hata siku moja) hadi 6 (kila siku). Sasa mgonjwa wa wodini analetewa chakula na muuguzi yuko pembeni. Jibu lake litashuka kuelekea 0 kwa sababu hana nafasi ya kujinyima, ila hofu yake ya kunenepa iko palepale! Kwa hiyo usiishie kwenye wastani wa jumla. Tazama vipengele vinne vya dodoso kimoja kimoja (kujizuia kula, wasiwasi juu ya kula, juu ya umbo na juu ya uzito), hasa hivyo viwili vya mwisho.

Aliyefunga Ramadhani msomee swali lote hilo la saa 8, mpaka hapo kwenye sababu ya kutokula, asije akahesabu saumu.

Na mwenye anoreksia (ugonjwa wa kujinyima chakula hadi kukonda) anaweza kuficha mengi, akapata alama za chini huku amekonda vibaya. Uzito, mapigo ya moyo na potasiamu (madini) ya damu vipimwe hata kama dodoso linaonyesha shwari.