Muulize Fundi: Kamera ya giya na kamera ya betri

SWALI: Assalaamu alaykum Fundi. Marehemu ami yangu ameniachia kamera mbili za mkanda. Moja ni Praktica MTL 5, aliyorudi nayo kutoka Ujerumani Mashariki alikokwenda kusoma. Nyengine ni Canon AE-1. Praktica ukibonyeza inalia vizuri. Canon haisemi kitu. Jirani yangu ananambia kamera za betri ni za kutupa, za chuma ndizo hazifi, na nisitie hata shilingi kwenye ile Canon. Ni kweli?
Msomaji, Wete

JAWABU: Wa alaykumu s-salaam, mwanangu. Mungu amrehemu ami yako, alijua kuchagua. Jirani yako nusu ya maneno yake nayakubali.

Mwaka mmoja, 1976, Japani ilitoa kamera mbili ambazo mpaka leo zinapita mezani kwangu: hiyo Canon AE-1 na Pentax K1000. Ya Pentax betri yake ni ya kipimo cha mwanga tu. Itoe, na shata, kile kipazia kinachoruhusu mwanga kuufikia mkanda, itaendelea kufunguka na kufunga kwa nguvu ya springi ulizozivuta kwa kidole gumba. Praktica yako ni ukoo huo huo. AE-1 shata yake inaamrishwa na umeme wa volti 6. Betri ikifa hupati hata picha moja. Hilo lilinikuta harusini Kikwajuni: bi harusi yuko mlangoni, mashangazi wanapiga vigelegele, mimi nimesimama na kamera kama niliyeshika tofali. Tangu siku ile betri ya akiba inakaa mfukoni pamoja na tasbihi.

Lakini kamera ya giya nayo ina aibu yake, na wengi hawaijui. Inaongopa. Ndani mna magurudumu ya meno na kidude kinachotikisika huku na huku, sawa na kilichomo kwenye saa ya ukutani. Ndicho kinachoichelewesha shata pale unapotaka ikae wazi muda mrefu. Mimi nilianza kazi kwa fundi saa Darajani, na siku ya kwanza kufungua kamera nilicheka: kumbe ni saa iliyotiwa jicho! Basi mafuta ya saa hiyo yakikaa miaka thelathini huganda kama asali iliyoachwa wazi. Unaweka sekunde moja, inakupa mbili. Au inaanza "zzz", inakwama katikati, mpaka uigonge ubavuni. Hata kasi ya 1/1000 ya sekunde inaweza kulegea ikawa 1/500 usijue, maana sauti ni ile ile tamu. Mkanda wa negativi utakusamehe, wa slaidi hausamehe. Ile ya betri kwa hili ni mkweli kuliko mwenzake: inahesabu muda wake sawasawa mpaka siku inaponyamaza.

Sasa tuje kwenye kutengeneza. Giya zikiganda naziosha, natia tone la mafuta ya saa kwa ncha ya sindano, zinaendelea. Skrubu ikipotea, fundi kerezo ananichongea nyengine. Ya umeme ukiifungua kifuniko cha juu unakuta utepe wa plastiki wenye njia za shaba nyembamba kama nywele, na chipu zilizotengenezwa kwa kamera hiyo peke yake. Chipu ikiungua hakuna duka la kuinunua. Nina kopo la biskuti lenye AE-1 tatu zilizokwisha kufa. Maiti mmoja namtolea kiungo mgonjwa mwengine. Kopo likimalizika, nami nimemaliza.

Ila zile AE-1 zinazoletwa kwangu zimenyamaza, nyingi chipu zao nzima. Kilichoziua ni kutu ya kijani kwenye chumba cha betri, khasa kwa sisi tunaoishi na hewa ya chumvi, au uchafu kwenye sumaku ndogo inayoachia shata. Hayo mkono wa fundi unayafika.

Kwa hiyo usiitupe. Toa betri kuukuu. Ukiona unga mweupe au kijani, chovya kijiti cha pamba kwenye siki, kikamue, sugua vile vibati, kisha pangusa kwa spiriti na uache pakauke. Tia betri mpya ya 4LR44. Bonyeza kile kitufe cha kupimia betri huku ukichungulia. Mshale ukitikisika, una kamera. Ikifyatuka lakini ikalia kama mwenye pumu, ni giya ya kile kioo cha ndani kinachoruka ukipiga picha imekauka, ugonjwa maarufu wa kamera hizo. Hapo niletee, usijitie ufundi. Kuna kijana aliimiminia mafuta ya cherehani, ikanifikia imelowa kama kaimati kwenye shira.

Na Praktica usiiamini kwa sauti. Weka sekunde moja, rikodi kwa simu, pima kutoka mlio wa mwanzo hadi wa mwisho.

Kuna adui mmoja ambaye kwake giya na betri ni sawasawa: ukungu wa lensi. Mimi lensi zangu nilikuwa naziweka kabatini na balbu ndogo inawaka usiku na mchana, joto lile linakausha hewa. Umeme ukakatika Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Nilipokuja kuzitazama, nne zilikuwa na utando kama wa buibui, mbili ukungu umeshakula rangi ya kioo. Za ami yako zitazame leo: fungua tundu la lensi mpaka mwisho, ichungulie ukiwa umeielekeza dirishani.

SWALI: Fundi, nina Olympus OM-1, nzima kabisa, ila betri yake sioni pa kuinunua. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Tunguu

JAWABU: Huioni kwa sababu ilikuwa ya zebaki, volti 1.35, na zebaki imepigwa marufuku kwa sumu yake. Tafuta betri namba 675 ya kifaa cha kusikilizia cha wazee wasiosikia vizuri. Hutoa karibu volti 1.4. Ni ndogo kidogo, izungushie pete ya mpira isicheze. Ukishaibandua karatasi yake inaanza kujila yenyewe, kwa hiyo usitegemee miaka. Ukiweka ya kawaida ya volti 1.5 kipimo kitakudanganya. Lakini OM-1 shata yake haihitaji betri. Kwa jua letu la saa sita weka tundu la lensi f/16, na kasi ya shata ikaribiane na namba iliyoandikwa kwenye mkanda: mkanda wa 100, kasi 1/125 ya sekunde. Hata bila kipimo utapata picha.

SWALI: Kamera yangu ndogo ya betri imeanguka baharini juzi tukishuka ngalawani. Nimeizika kwenye mchele kilo mbili. Niitoe lini?
Nungwi

JAWABU: Itoe sasa hivi. Mchele hauvuti chumvi, na chumvi ikishirikiana na betri huila shaba kwa masaa, sio kwa siku. Ulitakiwa utoe betri pale pale, uitumbukize kamera kwenye maji baridi ya kunywa na uilete imo ndani ya maji, isikauke njiani. Najua inasikika kama wazimu. Kwa kamera ya giya ningekwambia hivyo hivyo, na hiyo ningekuwa na tamaa nayo. Ya kwako imeshakaa siku mbili, sina tamaa nayo: toa mkanda uupeleke ukasafishwe ungali majimaji. Huenda picha za safari zikapona.

Mchele wape kuku.