Mapokezi na Vipimo vya Moyo kwa Mtu Mmoja

SWALI: Mhariri, nina stashahada ya kumbukumbu za afya na kwa sasa ninafanya kazi katika duka la dawa. Kliniki moja ya moyo eneo la Upper Hill imenipa nafasi ya mapokezi, lakini barua yao inasema pia nitapima presha, nitapiga ECG (mchoro wa umeme wa moyo) na kushughulikia bima. Sikusomea uuguzi. Je, nikubali?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, ningekushauri ukubali, mradi kabla ya kutia sahihi barua hiyo itaje ni nani atakayekufundisha vipimo na kukusimamia hadi athibitishe kwamba umeviweza. Katika kliniki ndogo si ajabu mhudumu wa mapokezi kusaidia vipimo; kisichofaa ni kuachiwa mashine kwa sababu tu muuguzi yuko likizoni.

Presha huonekana rahisi, na ndiyo maana hupimwa vibaya. Mgonjwa aliyeshuka matatu akikimbilia miadi, kisha akapanda ngazi kwa kuwa lifti imejaa, anapaswa kupumzika takriban dakika 5, mgongo umeegemezwa, nyayo zikiwa sakafuni na mkono ukiwa usawa wa moyo, wala asizungumzishwe wakati wa kupimwa. Ukanda mdogo ukifungwa kwenye mkono mnene hupandisha namba, na daktari akiiamini namba hiyo anaweza kumwongezea mgonjwa dawa asiyoihitaji.

ECG ya kawaida hutumia elektrodi 10 (vibandiko vinavyonasa umeme wa moyo), yaani 4 za mikono na miguu na 6 za kifuani. Hizi za kifuani huwekwa kwa kuhesabu nafasi za mbavu, si kwa kukisia: mbili za kwanza hukaa katika nafasi ya nne, kila upande wa mfupa wa kifua, na zikipandishwa juu mno, mchoro huweza kuonyesha ugonjwa usiokuwapo. Funga pazia na umpe mgonjwa shuka. Atakapokuuliza kama moyo wake uko sawa, na bila shaka atauliza, mjibu kwamba daktari ndiye atakayeusoma mchoro, hata kama wewe umeshaizoea michoro mia.

Hata hivyo, kwa maoni yangu uzito wa kazi hii uko dirishani pako kuliko kwenye mashine. Mtu anayelalamikia maumivu ya kifua, anayetokwa jasho au kuhema kwa shida hawekwi kwenye foleni wala hasubirishwi hadi faili lipatikane. Miongozo ya tiba inataka apigwe ECG na isomwe ndani ya dakika 10 tangu afike. Si wote watakaoshika kifua: baadhi ya wanawake, wazee na wenye kisukari hulalamikia uchovu, kichefuchefu au kile wanachokiita kiungulia. Si kazi yako kuamua ni ugonjwa gani. Kazi yako ni kumwita muuguzi au daktari papo hapo.

Upande wa ofisi, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya mfuko wa NHIF mnamo Oktoba 2024, kwa hiyo hakikisha usajili wa mgonjwa na idhini ya bima kabla ya siku ya kipimo, asije akatoka Machakos akapoteza nauli bure. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, hivyo usitaje ugonjwa wa mtu mbele ya foleni, wala usipige picha ya mchoro wake kwa simu yako binafsi.

Stashahada yako itafaa zaidi katika orodha ya waliokosa miadi. Mwenye ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi, ambaye mara nyingi ni kijana, huhitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, lazima damu yake ipimwe mara kwa mara. Wakikosa kuja, wapigie simu siku hiyohiyo.

Kuhusu mshahara, jadiliana nao kwa kazi zote walizoziorodhesha, si kwa mapokezi peke yake.