deleteLater ndani ya exec

Salaam, ndugu. Programu yako ya tiketi za boti za Mokowe iliyoandikwa kwa Qt (maktaba ya C++ ya kutengeneza madirisha) ingali inaanguka hata baada ya kufuta dirisha kwa deleteLater (futa baadaye) mahali pa delete (futa papo hapo) kwa sababu unaiita kutoka kwenye kipima muda kinachofyatuka wakati exec (amri inayofungua kisanduku na kusubiri kifungwe) ya kisanduku cha kuthibitisha nauli haijarudi. Qt huweka agizo la kufuta kwenye foleni pamoja na kiwango cha mzunguko wa matukio lilikotolewa (mzunguko ndio unaopokea vipima muda na mibonyezo, na exec huanzisha mwingine ndani ya ule wa nje): ukiagiza kabla ya exec, dirisha husubiri hadi exec irudi, ukiagiza ndani yake, hufutwa humo humo, na mstari unaofuata exec hugusa kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa.

Lishike dirisha kwa QPointer (kielekezi kinachokuwa tupu chenyewe kitu chake kikifutwa) iliyo kigeu cha ndani ya funksheni (ikiwa ndani ya dirisha lenyewe itakufa nalo), uikague baada ya exec, na ikiwa tupu utoke mara moja. Kisanduku kikiwa mtoto wa dirisha, kiundwe kwa new, kisije kikafutwa mara mbili. Binafsi ningeacha exec nikatumia open (hufungua kisanduku bila kusubiri) na ishara ya finished (hutolewa kikifungwa), maana mzunguko wa ndani hauzuii vipima muda wala mtandao, na kwa laini zetu za hapa Amu jibu la malipo huweza kuingia wakati wowote.