DNA iliniangusha, cherehani ya mama ikaninyanyua

Juzi kuna dada wa Urambo kanitumia meseji, anasoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), anasema "kaka mi DNA haipandi kabisa, nimekariri mpaka nimechoka". Nimeirudia mara tatu maana huyo ni mimi kabisa, kidato cha sita Biolojia nilipata F, na mwalimu mmoja alishasema mbele ya darasa kwamba wengine tukaanike tu dagaa Kibirizi. Mpaka leo inaniuma. Dagaa wamesomesha watu wengi sana hapa Kigoma, ile kazi ina heshima zake, ila yeye alitaka kutudhalilisha.

Nikarudi nyumbani Mwanga. Mama ni fundi cherehani, nikawa nakaa nae kibarazani daftari liko magotini, yeye anaweka zipu kwenye suruali za watu. Zipu ndo ilinifungua macho. DNA, yaani yale maelekezo ya urithi ndani ya seli, ni nyuzi mbili zimejisokota, katikati zimeshikana kwa besi, zile herufi nne A, T, G na C: A na T kwa bondi mbili za haidrojeni, G na C kwa tatu, hawabadilishani wapenzi hao. Kwenye seli yako moja tu iko kama mita 2 na yote lazima inakiliwe kabla seli haijagawanyika! Kimeng'enya kinachoitwa helikesi kinafungua zipu, kila uzi wa zamani unakuwa patani ya kukatia uzi mpya, kwa hiyo kila nakala inabaki na uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya. Wanasayansi Meselson na Stahl walilithibitisha hilo 1958 kwa bakteria.

Hapo wengi tunafika. Tunapofia ni vipande vya Okazaki, vile vipande vifupi vya uzi mpya. Nilikuwa nalikariri tu hilo jina, sijui kwanini ni vipande. Kumbe nyuzi zimelala kinyume, na polimerasi, kimeng'enya kinachojenga uzi mpya, inajenga kwa mwelekeo mmoja tu, toka ncha ya 5 kwenda ncha ya 3. Cherehani ya mama nayo ya zamani, inashona kwenda mbele tu. Nikamuuliza, mama, zipu inafunguka kwenda kule, we unatakiwa ushone kuja huku, utafanyaje? Hata hakuinua kichwa. "Si nasubiri ifunguke kidogo, nashona kipande, ikifunguka tena nashona kingine, mwisho naviunga."

Mama yangu kaishia la saba, jamani. Kaeleza vipande vya Okazaki na ligesi inayoviunga kwa sentensi moja! Na praimasi je? Ndo kimeng'enya kinachopiga bandi kwanza, kama mama anavyoshikiza nguo kabla ya kushona, maana polimerasi haiwezi kuanza bila kitu cha kushikia, baadae bandi ya RNA inatolewa panajazwa DNA. Na polimerasi ikikosea besi inarudi kufumua, kama yeye tu.

Nikarisiti, nikapata B. Kwa hiyo wadogo zangu acheni kumeza madesa, daktari wa kesho hawezi kuwa kasuku. Chora kwa mkono wako, weka mishale, chora tena bila kuangalia. Tafuteni kitu cha nyumbani kwenu kinachofanya kazi hiyohiyo, kipo, na wazazi wenu msiwaone hawajui kisa hawajasoma. Halafu chora tena.

Dada wa Urambo, mchoro wa zipu nimekutumia WhatsApp, mishale nimeifuta makusudi. Ijaze mwenyewe, uniambie uzi upi unahitaji bandi moja na upi unahitaji nyingi.